Gharama za Hadhari Zisiachiwe Wenyeji wa Kinu

Mji unaojengewa kinu cha nyuklia hupewa mgeni asiyeondoka upesi. Ujenzi wake huchukua miaka mingi, kisha kinu huzalisha umeme kwa miaka arobaini au sitini, na hata kikisha kuzimwa huacha mabaki yanayopaswa kulindwa kwa muda mrefu kuliko umri wa waliokijenga. Umeme wake husafiri mbali, ukaendesha viwanda na kuwasha taa za watu ambao pengine hawajapata kulisikia hata jina la mji ulikotoka. Lakini hatari yake, ikitokea, huanza na wenyeji. Kwa hiyo, swali la nani alipie maandalizi ya kuwaokoa wenyeji hao si la wahasibu peke yao. Ni swali la haki.

Msimamo wetu ni kwamba gharama za maandalizi hayo hazina budi kulipwa na mwenye kinu, kwa amri ya sheria, kila mwaka, tangu kabla mafuta ya nyuklia hayajaingizwa kinuni hadi mabaki ya mwisho yatakapoondolewa. Fedha hizo zitumiwe na mamlaka ya wananchi wa mahali hapo, nayo itoe hesabu hadharani. Halmashauri ambayo bado inahangaika na madawati ya shule na dawa za zahanati isiambiwe ijitafutie yenyewe fedha za kujikinga na hatari ambayo haikuianzisha.

Yafaa kwanza tueleze maandalizi hayo ni nini, maana wako wanaodhani kuwa ni jalada moja lililofungiwa kabatini. Ajali ya kinu haingojei kikao. Huenda wakuu wakawa na saa chache tu za kuamua watu wajifungie ndani ya nyumba zao, wameze vidonge vya iodini, au waondoke. Ili amri hiyo imfikie kila mtu pawepo ving'ora vinavyosikika na kujaribiwa mara kwa mara. Ili watu waondoke pawepo barabara zinazopitika, mabasi yanayojulikana yaliko, na madereva waliokwisha kukubali kwa hiari na kwa maarifa kwamba wataingia pale ambapo wengine wanatoka. Pawepo pia vipimo vya mionzi, wauguzi waliofundishwa, orodha ya wagonjwa na wazee wasioweza kutembea, na shule za mbali zilizotengwa kuwapokea wahamaji. Mwaka 1986, baada ya mlipuko wa Chernobyl, wakazi wapatao 49,000 wa mji wa Pripyat walihamishwa kwa mabasi yapatayo 1,200, na hata hivyo walikuwa wamekwisha kukaa zaidi ya siku nzima katika hewa yenye mionzi kabla ya kuambiwa waondoke.

Hakuna kitu katika orodha hiyo kinachonunuliwa mara moja kikaisha. Betri za ving'ora huchakaa, vidonge hupitwa na wakati, dereva aliyefundishwa huhama, na mwalimu mpya hafahamu mtangulizi wake aliagizwa nini. Maandalizi ni kama shamba: usipolipalilia kila msimu, magugu hulirudia. Ndiyo maana msaada wa mara moja, hata uwe mkubwa, hauwezi kushika nafasi ya fungu la kila mwaka.

Marekani ilijifunza jambo hili kwa fadhaa. Tarehe 28 Machi, 1979, kinu kimoja cha kituo cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, kiliharibika vibaya. Siku mbili baadaye Gavana Richard Thornburgh aliwashauri wajawazito na watoto wadogo waliokuwa ndani ya kilometa 8 waondoke. Watu wapatao 140,000 walifungasha wakaenda zao, yaani wengi kupita waliokusudiwa na ushauri ule. Wilaya zilizokuwa na mipango ya eneo la kilometa 8 ziliambiwa zitayarishe mipango ya kilometa 16, kisha ya kilometa 32, na yote hayo katika muda wa siku chache, huku simu zikilia na magari yakijaa barabarani. Mionzi iliyotoka siku zile ilikuwa kidogo, lakini udhaifu wa matayarisho ulikwisha kuonekana na kila mtu.

Kuanzia mwaka 1980 serikali ya nchi hiyo iliamuru kwamba kituo kisipewe leseni bila ya kuwapo mipango iliyopimwa ya kuwaokoa wakazi wa eneo la kilometa 16 hivi kukizunguka. Amri hiyo ilileta swali la pili, nalo ni nani atailipia. Mwaka huo huo jimbo la Illinois lilitunga sheria ya kuwatoza ada wenye vituo vya nyuklia ili kugharimia maandalizi, pamoja na yale ya serikali za mitaa. Pennsylvania nayo ilifanya vivyo hivyo mwaka 1984. Majimbo hayo yalitambua kwamba amri isiyo na fungu la fedha ni kumtwisha mtu mzigo kisha kumnyima kata.

Tusiseme kwamba mambo hayo ni ya nchi tajiri za ng'ambo. Barani Afrika kiko kituo kimoja cha nyuklia kinachotoa umeme kwa miaka mingi sasa, nacho ni Koeberg, mali ya shirika la umma la umeme la Afrika Kusini, Eskom. Kituo hicho kiko ufukoni, kiasi cha kilometa 30 kaskazini ya jiji la Cape Town. Vinu vyake viwili vilianza kazi mwaka 1984 na 1985, chini ya utawala wa makaburu, ambao haukuwa na desturi ya kuwauliza Waafrika walio wengi wanataka nini. Baada ya wananchi kujipatia uhuru wao, Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria Namba 47 ya mwaka 1999, iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Kusimamia Nyuklia. Kifungu cha 38 cha sheria hiyo kinastahili kusomwa na kila mtumishi wa serikali anayehusika na mambo ya nishati au ya maafa katika bara letu.

Kifungu hicho kinasema kwamba, pale ambapo upo uwezekano wa ajali ya nyuklia kuwadhuru wananchi, Mamlaka hiyo haina budi kumwamuru mwenye leseni afanye mambo matatu. La kwanza, aingie mkataba na manispaa na serikali za majimbo zinazohusika ili uwepo mpango wa dharura. La pili, alipe gharama za kuuanzisha mpango huo, za kuutekeleza na za kuusimamia, kwa kadiri unavyohusu kituo chake. La tatu, auwasilishe mpango huo kwa Mamlaka ili uidhinishwe. Hapa sheria haikumwachia mwenye kinu nafasi ya kutoa sadaka akipenda, wala haikumwachia diwani kazi ya kubisha hodi ofisi hadi ofisi akiwa na bakuli mkononi. Deni limetajwa, mdai ametajwa, na mdaiwa ametajwa.

Koeberg inatufundisha pia kwamba gharama nyingine hazionekani katika daftari. Mipango ya kituo hicho imeweka masharti ya muda: wakazi walio ndani ya kilometa 5 waweze kuhamishwa katika saa 4, na wale walio kati ya kilometa 5 na 16, katika upande unaoelekewa na hatari, waweze kuhamishwa katika saa 16. Masharti hayo yanaifunga mikono manispaa. Jiji la Cape Town limekuwa likipanuka kuelekea kaskazini, watu wanahitaji nyumba, na wenye mitaji wanatafuta viwanja. Hata hivyo, karibu kabisa na kituo manispaa haiwezi kuruhusu ujenzi mpya kama ipendavyo, na mbele kidogo haina budi kuhesabu nyumba na njia za magari kabla ya kutia sahihi. Kila kiwanja kisichojengwa ni kodi isiyoingia, na kila barabara inayopanuliwa kwa ajili ya uokoaji ni fedha iliyotoka kwenye shughuli nyingine. Anayepiga hesabu ya hadhari bila ya kuyatia hayo amehesabu nusu tu.

Tena tukumbuke ni nani wanaoishi huko. Si mbali na kituo hicho uko mji wa Atlantis, ambao serikali ya makaburu iliuanzisha katika miaka ya 1970 ili kuwahamishia watu iliowaita Machotara. Mtu mwenye gari na jamaa mjini ataondoka mwenyewe king'ora kikilia, lakini mtu asiye na gari atasimama kando ya barabara akingojea basi la manispaa. Kwa hiyo fungu la hadhari likipunguzwa, aliyepunguziwa si tajiri. Mpango wa dharura usio na fedha huwaokoa wenye uwezo kwanza, na wanyonge huachwa mikononi mwa bahati.

Jambo hilo lilionekana wazi nchini Japani. Tarehe 11 Machi, 2011, tetemeko na mawimbi makubwa ya bahari viliukata umeme wa kituo cha Fukushima Daiichi, kilichoko katika miji midogo ya Okuma na Futaba. Jengo lililotayarishwa liwe makao ya kuongozea uokoaji lilikuwa kilometa 5 tu kutoka kituoni. Mawasiliano yalikatika, wala jengo halikuwa na vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi, ingawa wahusika walikwisha kuonywa juu ya upungufu huo. Siku chache baadaye makao hayo yalihamwa, yaani waokoaji wenyewe walikimbia jengo lao la uokoaji. Viongozi wa mji jirani wa Namie walieleza kwamba amri ya kuhama waliipata kwa kutazama televisheni. Wengi wa watu wao walikimbilia upande ule ule ambao upepo ulikuwa ukiupeleka mionzi, kwa kuwa takwimu za mwelekeo wa upepo hazikuwafikia. Tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani ilieleza mwaka 2012 kwamba wagonjwa wapatao 60 wa hospitali na nyumba za wazee zilizokuwa ndani ya kilometa 20 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa mwezi ule wa Machi. Hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na safari ndefu, baridi, na kukosa matibabu njiani.

Wala haikuwa kwamba miji ile haikupata fedha. Tangu mwaka 1974 Japani ilikuwa na sheria za kuchangia maendeleo ya miji inayokubali kujengewa vituo vya umeme. Fedha hizo zilijenga kumbi, viwanja vya michezo na barabara, na bado Futaba iliingia katika dhiki ya fedha hata kabla ya maafa. Hapa ndipo tunapotaka msomaji aone tofauti. Fedha ya kumshawishi mwenyeji amkubali mgeni ni jambo moja, na fedha ya kumwokoa mwenyeji siku mgeni akigeuka moto ni jambo jingine. Ukumbi mzuri hauhamishi wagonjwa. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu akija na zawadi tu, bila ya vifaa vya kumwokoa mwenyeji, neno hilo la wahenga litakuwa limegeuzwa kichwa chini.

Tunafahamu hoja za upande wa pili, na hatuna haja ya kuzikwepa. Wako wasemao kwamba mwenye kinu akilipia mpango atautawala mpango. Ataamua king'ora kilie lini na wananchi waambiwe nini. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake si kuiacha manispaa bila ya fedha. Dawa yake ni fedha kulipwa kwa kiwango kilichowekwa na sheria, ziingie katika mfuko wa umma, na manispaa iwe na wataalamu wake wanaoweza kumwambia mwenye kinu kwamba hesabu zake si sahihi. Sauti huru ya wenyeji ina nguvu kubwa. Mwaka 1983 wilaya ya Suffolk, katika jimbo la New York, ilichunguza njia zake ikakata shauri kwamba haiwezi kuwahamisha watu wake kwa usalama, hivyo ikakataa kushiriki katika mpango wa dharura wa kituo cha Shoreham. Kituo hicho, kilichogharimu zaidi ya dola bilioni 5, kilifungwa kwa mapatano ya mwaka 1989 bila ya kuanza kuuza umeme wake kibiashara. Laiti wenyeji wangeulizwa juu ya barabara zao kabla ya msingi kuchimbwa, fedha zote hizo zisingalipotea.

Wako pia wasemao kwamba gharama hiyo itapandisha bei ya umeme. Ni kweli kwamba mwishowe mnunuzi wa umeme ndiye atakayechangia, na hivyo ndivyo inavyopasa. Bei inayoficha gharama ya usalama ni bei ya uongo, maana sehemu yake inalipwa kimya kimya na mkulima au mvuvi aliye jirani na kituo. Ukilinganisha na gharama ya kukijenga kituo chenyewe, gharama ya ving'ora, mafunzo na magari ni ndogo. Mradi ambao hauwezi kuibeba sehemu hiyo ndogo haufai kubebwa na wananchi.

Liko jambo la mwisho ambalo husahauliwa, nalo ni siku ya kufunga. Kituo cha Vermont Yankee, nchini Marekani, kiliacha kuzalisha umeme mwishoni mwa mwaka 2014. Mwaka 2016 mwenye kituo aliruhusiwa kuacha kuzigharimia shughuli za dharura za miji ya jirani, ingawa mafuta yaliyotumika yalikuwa bado pale pale, na mengine yalikuwa bado bwawani hadi mwaka 2018. Umeme ukikoma ndipo na kodi hukoma, na wafanyakazi huondoka. Wakati huo ndipo mji unapokuwa na fedha kidogo kuliko wakati wowote, na ndipo mfuko wa hadhari unapohitaji kulindwa na sheria.

Msomaji wetu, mtumishi katika wilaya au mwalimu wa shule ya kijijini, pengine atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa karibu. Jirani zetu wa Kenya wamekuwa wakitafuta mahali pa kujenga kituo chao cha kwanza. Mahali palipotajwa mwanzo ni Uyombo, katika Kilifi, ambako mwaka 2024 wakazi waliandamana kupinga. Mwaka 2025 viongozi wakaanza kuitaja Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Uganda nayo imeitaja Buyende. Ziwa lile ni letu sote, na upepo hausimami mpakani kuonyesha pasi. Wavuvi wa Kilifi walipouliza juu ya bahari yao, na wakulima watakapouliza juu ya mashamba yao, jibu wanalostahili si hotuba juu ya maendeleo. Wanastahili kuonyeshwa kifungu cha sheria kinachotaja ni nani atawalipia usalama wao, na kwa muda gani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa nchi zote za Afrika Mashariki zinazoifikiria njia hii mambo manne. Kwanza, sheria ya kumbana mwenye kinu agharimie hadhari ipitishwe kabla ya jiwe la msingi kuwekwa, maana mwenye haja ni mwepesi wa kuahidi kabla hajaipata leseni na mzito wa kutimiza akiisha kuipata. Pili, mfuko huo utengwe kabisa na fedha za zahanati na viwanja vya michezo, hesabu zake zikaguliwe na kubandikwa mahali ambapo kila mkazi ataziona. Tatu, mpango uzihusu pia wilaya za jirani, na ikibidi nchi ya jirani, bila ya kuishia kwenye mpaka wa halmashauri yenye kinu. Nne, malipo yasikome siku taa za kituo zinapozimwa, bali siku mafuta ya mwisho yatakapoondolewa.

Wakati sheria hiyo inangojewa, watumishi wa umma wasikae kitako. Afisa mipango ajue mabasi mangapi yapo katika wilaya yake na madaraja gani hayapitiki wakati wa masika. Mganga ajue wagonjwa wangapi hawawezi kutembea. Mwalimu naye, ambaye siku ya dharura atajikuta na watoto hamsini darasani na wazazi hamsini mlangoni, ajue mapema ni nani atakayewachukua watoto, kwa gari lipi, na kuwapeleka wapi. Maarifa hayo yanafaa kwa mafuriko na moto hata mahali ambapo kinu cha nyuklia hakitajengwa kamwe.

Kinu kinaweza kuwa mali ya taifa, ya shirika au ya kampuni. Maisha ya wanaokaa kando yake ni mali yao wenyewe, na hawakuyatoa yawe rehani ya umeme wa wengine. Mwenye kukileta kinu na alete pamoja nacho fungu la kuwalinda wenyeji; na asiye na fungu hilo, basi aambiwe kwa heshima lakini bila ya kigugumizi kwamba bado hajawa tayari kujenga.